Kukodi Chombo na Kwenda Kuvua Ziwani: Mambo Yampasayo Mgeni Kuyajua
(Maneno ya wavuvi wanachama wa Mbamba Bay katika Mkutano wa Sherehe ya Miaka Kumi)



Katika miaka kumi ya chama kikuu chetu, wakulima wa kahawa na wavuvi tumekaa chini ya dari moja, tumepiga kura katika sanduku moja, na hata kubishana juu ya hesabu moja. Lakini ni wachache miongoni mwa ndugu zetu wa Umatengo waliopata kukanyaga ndani ya chombo. Sasa barabara ya lami imefika kutoka Mbinga, nayo masafa yake hayapati kilometa sabini, na watu huteremka kukodi mashua wapate kuvua kwa kujifurahisha. Wengine hurudi na samaki na vicheko. Wengine tumewaona wakirudi wamelala chini ya chombo kama magunia, hawataki kuona maji wala kusikia habari ya samaki. Kwa kuwa baadhi yenu mna nia ya kwenda, Halmashauri imetutaka tuwaeleze mapema.

Yafaa kwanza mlijue ziwa lenyewe. Nyasa ni ziwa refu, kiasi cha kilometa 560 kutoka kaskazini hata kusini, na kina chake hufika mita 700 hivi. Mkulima wa ngoro ajua mteremko ni kitu gani. Basi afikiri kwamba mahali pengi pa upande wetu mteremko ule ule wa mlima huendelea chini ya maji. Hatua chache kutoka kwenye mawe, mguu hauoni chini. Tena kuna jambo ambalo wageni wengi hushangaa kulisikia: kupita mita 250 hivi kwenda chini, maji hayana hewa ya kumwezesha samaki kuishi. Kwa hiyo anayejisifu kuwa na mshipi mrefu kuliko wenzake ajisifu kwa jambo jingine. Samaki wako juu, na karibu na miamba.

Neno kubwa tulilokuja kulisema ni la upepo. Kuanzia mwezi wa Mei hata Agosti huvuma mwera, upepo wa kusini, nao ukianza huweza kushika siku tatu au nne bila kupumzika. Kwa kuwa ziwa ni refu na upepo hulipitia kwa urefu wake, mawimbi hupata nafasi ya kukua yakawa kama ya bahari. Msidhani kwamba ni mitumbwi tu inayoyaogopa. Tarehe 30 Julai 1946, meli ya abiria iitwayo Vipya, iliyokuwa mpya kabisa, ilizama ng'ambo ya pili karibu na Chilumba katika tufani ya majira hayo hayo, na watu 145 wakafa. Wazee wa mwambao huu waliisimulia habari hiyo kwa miaka mingi, na sisi twaona vema iendelee kusimuliwa. Wakati wa masika nao una hatari zake, maana dhoruba ya mvua huja kwa ghafula na kupita kwa ghafula, ikiacha chombo kimejaa maji. Miezi iliyo mizuri kwa mgeni ni Septemba hata Novemba, kabla ya mvua kushika.

Basi kabla ya kutoka, sikilizeni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisha mwulizeni nahodha. Nahodha akisema leo hatuendi, hamwendi. Akisema turudi, mnarudi, hata kama mshipi ndiyo kwanza umegusa maji. Twalitia mkazo jambo hili kwa sababu tumewaona watu waungwana kabisa, wenye adabu nyumbani kwao, wakimshurutisha nahodha aendelee mbele kwa hoja kwamba wamelipa fedha. Fedha ile imenunua mafuta na kazi ya siku, haikununua ziwa. Na nahodha anayekubali kushurutishwa hafai kukodiwa mara ya pili.

Katika mapatano, semeni yote mkiwa bado mchangani. Nani anunua mafuta ya mashine? Chakula cha mabaharia ni juu ya nani? Chombo kirudi saa ngapi? Na samaki watakaopatikana ni wa nani? Swali hili la mwisho limevunja urafiki mwingi. Mwenye chombo aweza kudhani kwamba nusu ni yake, nawe umekwisha kuwaahidi jirani zako wote wa Mbinga. Ulizeni pia kama chombo kimeandikishwa, na kama kuna leseni, kwani Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 yataka hayo. Kisha tazameni kwa macho yenu: kila mtu awe na jaketi lake la kuokolea, ziwepo kasia za kutosha hata kama mashine ni nzima, nanga na kamba yake, na ndoo ya kukumbia maji. Jaketi livaliwe tangu mwanzo. Lililofungwa chini ya mizigo halimsaidii mtu aliyekwisha kuanguka.

Kuvua kwenyewe ni kwa namna mbili. Mkitoka alfajiri, mtakwenda kwa mshipi na ndoana kandokando ya miamba, au mtakokota mshipi nyuma ya chombo kiendacho polepole mkimtafuta mbasa. Huyo ni samaki wa rangi ya fedha, mwepesi, mwenye kuwafuata usipa, na akishika ndoana mikono hupata habari. Mkitoka usiku, mtakwenda kuwaona wavuvi wa usipa na taa zao. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za umeme wa jua. Kazi hiyo hufanywa katika usiku wa giza, kwani mbalamwezi huishinda taa na usipa hutawanyika. Basi tazameni kalenda kabla ya kulipa nauli. Magege pia hupatikana. Jirani zetu wa Malawi humwita chambo, jina ambalo watu wa pwani hulitumia kwa nyama ya kutia katika ndoana, na tuliwahi kusikia ubishi wa saa nzima baina ya mtu wa Tanga na mtu wa Nkhata Bay, kila mmoja akiwa na haki.

Na huenda msipate kitu. Wavuvi wenyewe hurudi mikono mitupu mara nyingi, wala hawamlaumu mtu.

Vaeni nguo za mikono mirefu na kofia ya kufungwa kidevuni, kwa maana jua la ziwani hupiga mara mbili, kutoka juu na kutoka majini. Kwa usiku chukueni sweta. Baridi ya Umatengo mwaijua, lakini upepo juu ya nguo iliyolowa ni baridi ya aina nyingine. Kuleni chakula kikavu kidogo kabla ya kutoka, mihogo au viazi. Tumbo tupu hulewa upesi, na tumbo lililojaa vilevile. Anayesikia kichefuchefu atazame milima ya mbali, asitazame chini. Pombe iachwe nchi kavu. Simu na kitambulisho vitiwe katika mfuko usiopitisha maji; kitambulisho chahitajiwa kwa kuwa Msumbiji hauko mbali kusini kwetu, na mashine ikizimika upepo hauulizi mpaka. Mkiona wingu jeusi kama moshi likitembea juu ya maji, hao ni wadudu wadogo wa ziwani, fumbeni mdomo. Msiogelee kwenye midomo ya mito, walipo mamba, wala msicheze katika maji yaliyotulia penye majani, maana kichocho kipo.

Twaongeza neno moja kwa ajili ya kazi yetu. Wakati wa mvua mbasa hupanda mitoni kutaga mayai, katika Ruhuhu na mingineyo, na wako watu wanaozuia midomo ya mito kwa nyavu wakati huo huo. Nahodha akikuambia atakupeleka huko mahali pa samaki wengi na wepesi, mkatalie. Samaki mmoja aliyezuiliwa pale ni maelfu ya mayai, na wanachama wenzenu wa mwambao hawana shamba jingine.

Wanaotaka kwenda kesho waandikishe majina kwa karani kabla ya magharibi, kila mmoja akieleza kama ajua kuogelea au hajui. Asiyejua hatakataliwa, ataketi katikati ya chombo. Tutakutana mchangani saa kumi na moja alfajiri, na mwera ukiwa umeamka kabla yetu, tutakunywa chai pamoja na kurudi mkutanoni.