Lisemwalo lipo? Maneno ya kamati kwa mkutano wa wanachama



Sisi wa kamati tumeomba nafasi hii juu ya jambo moja. Wachanjaji wa surua watakuja kwenye kartie zetu, na tayari kuna nyumba ambamo wazazi wamesema watapeleka watoto shambani mpaka wapite. Hatutataja majina. Tunajua wanachosema: "Banasema ile sindano inafunga uzazi wa mabinti. Wazungu wanataka tupungue."

Hatukuja kuwacheka. Mtu aliyepita njia tuliyopita sisi, kuvuka Tanganyika usiku, kuishi kambini miaka mingi, kisha kurudi kwa boti kutoka Kigoma hadi Baraka na kukuta mwingine analima shamba lake, mtu huyo amejifunza kutega sikio. Kule Lugufu tulisikia uvumi wa kufungwa kwa kambi kabla karatasi haijabandikwa ukutani. Na kweli, Lugufu ikafungwa. Sikio lilituokoa mara nyingi, na hatuwaambii mzibe masikio. Tunataka tuulizane: uvumi upi una kitu ndani, na upi ni debe tupu?

Tuanze na Lumumba, maana kila mzee hapa anaikumbuka ile habari au aliipata kwa baba yake. Mwezi wa pili 1961 serikali ya Katanga ilitangaza kwamba Lumumba alitoroka na wanakijiji wakamuua. Watu hawakukubali. Walisema mkono wa Wabelgiji umo, na mkono wa Wamarekani pia. Kwa miaka mingi aliyesema hivyo aliitwa mtu wa maneno maneno.

Kisha karatasi zikafunguka. Mwaka 1975 tume ya Seneti ya Marekani, iliyoongozwa na Frank Church, ilionyesha kwamba CIA ilipeleka sumu Léopoldville mwaka 1960 kusudi Lumumba auawe. Mwaka 2001 tume ya bunge la Ubelgiji ilisema kwamba baadhi ya viongozi wa Ubelgiji wanabeba lawama ya kimaadili kwa kifo chake, na mwaka 2002 serikali yao ikaomba radhi. Mwezi wa sita 2022 jino lake, kitu pekee cha mwili wake kilichobaki, lilirudishwa kwa familia yake.

Basi wazee wetu walikuwa na haki. Lakini tuangalie vizuri. Wengi walisema ni Wamarekani wenyewe waliomuua. Ile tume ya Seneti ilikuta kwamba sumu haikutumika. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba, Mpolo na Okito walipigwa risasi na askari wa Katanga, maofisa wa Kibelgiji wakiwa pale, na viongozi Wakongomani wakiwa pale. Uvumi ulijua kwamba kuna kitu kimefichwa. Haukujua ni kitu gani hasa, na ulisahau kuwataja ndugu zetu wenyewe.

Habari ya pili ni ya juzi: Ebola ya Beni na Butembo. Ilitangazwa mwezi wa nane 2018, ikaisha mwezi wa sita 2020. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Mnakumbuka yaliyosemwa: Ebola ni biashara, Ebola ni siasa, Ebola imetengenezwa kutumaliza.

Tuchukue moja moja. "Ni siasa." Siku chache kabla ya kura ya Desemba 2018, watu wa Beni na Butembo waliambiwa watapiga kura mwezi wa tatu, kwa sababu ya Ebola na usalama mdogo. Rais mpya akaapishwa Januari bila kura zao. Mtu wa Beni akisema ugonjwa ulitumika kwenye siasa, utamwita mwongo? Hapana.

"Ni biashara." Mwaka 2020 mahakama ilimhukumu aliyekuwa waziri wa afya miaka 5 ya kazi ngumu kwa kutumia vibaya makuta ya Ebola, zaidi ya dola 400,000. Yeye alikana. Mwaka 2021 tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti: watu 83 wa ile kazi walishukiwa kuwadhulumu wanawake kimwili, 21 kati yao wakiwa wafanyakazi wa shirika lenyewe. Wanawake waliambiwa, ukitaka kazi, toa mwili. Kwa hiyo hapo pia kulikuwa na kitu.

"Imetengenezwa kutumaliza." Hapa hapana. Ebola ilijulikana nchini mwetu tangu 1976, kule Yambuku. Chanjo iliyoletwa ilipewa watu zaidi ya 300,000 na ilikinga. Lakini kwa sababu mambo mawili ya kwanza yalikuwa na ukweli, watu walimeza na la tatu. Wengine walificha wagonjwa, wengine walishambulia vituo. Mwezi wa nne 2019 daktari Richard Mouzoko, aliyetoka Kameruni kuja kutusaidia, aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo.

Ndiyo njia ya uvumi mbaya: unapanda juu ya mgongo wa ukweli, kama mtu asiye na tiketi anayejichanganya na abiria wa boti.

Sasa habari ya tatu, nayo ni yetu. Wafadhili, tunawaomba muisome pia. Mwaka uliopita wamama wa kartie ya juu walisema maturubai ya chama yanauzwa sokoni. Sisi wa kamati tulisimama hapa hapa tukasema ni fitina. Tuliwanyamazisha. Miezi miwili baadaye tulihesabu stoo, ikapungua. Mmoja wetu alikuwa ameuza 14. Ameondoka kwenye kamati, amelipa sehemu, na deni lililobaki limeandikwa. Lakini wale wamama walikuwa na haki tangu siku ya kwanza, na hatukuwaomba radhi mbele ya watu. Leo tunawaomba: wamama, mtusamehe.

Tunalisema leo kwa sababu moja. Tulipokataa uvumi wa kweli, tuliwafundisha watu wasituamini hata tunaposema kweli. Wengine wanaoficha watoto leo wanatuambia usoni: "Ninyi wa maturubai ndio mtatuambia habari ya sindano?" Neno linauma, na liko na haki yake.

Basi tufanyeje? Tumekubaliana maswali manne kwa kila uvumi. Nani aliona kwa macho yake, si kwa kusikia? Kuna kitu cha kuhesabu au karatasi ya kufungua? Ingekuwa kweli, ni watu wangapi wangepaswa kunyamaza, na wangeweza? Na tukikosea, nani atalipa?

Uvumi wa maturubai: wamama waliona kwa macho, na stoo ilihesabika. Ulistahili kusikilizwa. Sasa uvumi wa sindano. Chanjo ya surua iko duniani tangu miaka ya 1960. Sisi wengi hapa tulichanjwa kule Lugufu na Nyarugusu, wengine tukiwa watoto wa mgongoni. Wamama, tazameni pembeni mwenu, hesabuni watoto wenu. Nani hapa alifungwa uzazi? Mnacheka, na jibu ndilo hilo. Ingekuwa kweli, manesi wa nchi nzima wangekuwa wanadanganya huku wakichanja watoto wao wenyewe.

Na tukikosea, anayelipa ni mtoto. Wakati macho yote yalikuwa kwenye Ebola, surua iliua zaidi ya watu 6,000 nchini mwetu, wengi wao watoto wadogo, kutoka 2019 hadi mwanzo wa 2020. Ni wengi kuliko waliouawa na ile Ebola. Hakuna aliyetunga uvumi juu yao. Na sisi, kwenye chama hiki, tumebeba jeneza fupi. Mzazi wake yuko hapa, ametupa ruhusa kusema hili tu.

Wahenga walisema lisemwalo lipo. Sisi tunaongeza: lisemwalo liendewe, lihesabiwe.

Kuanzia leo daftari la stoo litakaa wazi kila Jumamosi, na mwanachama yeyote anaweza kuhesabu pamoja nasi. Muganga wa kituo cha afya amekubali kuja kujibu maswali kabla ya chanjo. Mumuulize hata yale makali. Na watoto wetu sisi wa kamati watasimama mbele kwenye foleni, wa kwanza.