Neno la Mbunge Asiye na Cheo
Mhadhara wa umma, Bujumbura

Walimu wenzangu, wanafunzi, akina mama na akina baba mliotoka Buyenzi, Kinama na Ngagara kuja kutusikiliza: nimeombwa nizungumze Kiswahili, lakini neno langu la kwanza nitaliazima kutoka Kirundi.

Mbunge kwa Kirundi ni umushingamateka. Neno hili lina kaka yake, umushingantahe. Kitenzi ni kimoja, gushinga, yaani kusimika, kuchomeka kitu ardhini kikasimama. Umushingantahe husimika intahe, fimbo ya hukumu ambayo wazee wa kilima huigonga chini wanapoamua ugomvi wa mpaka wa shamba au wa urithi. Umushingamateka husimika sheria. Wazee wetu walipomtafuta mtu wa kumkabidhi intahe hawakuuliza ana ng'ombe wangapi. Waliuliza kama anaweza kusema kweli mbele ya mkubwa bila sauti kumtetemeka. Hakuhitaji kuwa chifu. Heshima yake ilitokana na neno lake.

Jioni hii nina jambo moja la kusema. Neno la mbunge asiye na cheo huwa na uzito pakiwepo mambo mawili: hesabu ya kura imhitaji, na kiti chake kisiweze kuchukuliwa kwa sababu ya neno hilo. Burundi tumewahi kuwa na la kwanza bila la pili. Sasa tunakaribia kuyakosa yote mawili, na hilo linaniuma.

Nani huyu mbunge asiye na cheo? Dodoma mawaziri hukaa bungeni kama wabunge, na wale wasio na wadhifa hukaa nyuma yao. Kwetu mbunge akiteuliwa kuwa waziri huacha kiti, na mwingine humrithi. Kwa hiyo pale Kigobe, kwenye ukumbi wa Bunge letu, ukimtoa Spika, makamu wake, na wenyeviti wa kamati na wa makundi ya vyama, wote waliobaki ni watu wa namna hii. Waziri huja kama mgeni, hutetea muswada wake, hujibu maswali, huondoka. Wanaobaki ukumbini ndio wanaopaswa kujua kama mafuta ya gari yamefika Gitega na kama mbolea ya mkulima imemfikia kabla ya mvua. Maswali hayo huulizwa kwa Kirundi, na ukisikiliza redioni utamtambua upesi mbunge aliyepita sokoni kabla ya kuja Kigobe.

Uzito wa watu hawa ulitokana na hesabu, na hesabu hiyo ilitokana na damu. Oktoba 1965, miezi michache baada ya uchaguzi, Spika Émile Bucumi na makamu wake Paul Mirerekano waliuawa kwa kupigwa risasi, pamoja na wabunge wengine. Baada ya hapo nchi haikuwa na bunge lililochaguliwa hadi 1982. Tarehe 21 Oktoba 1993, usiku ule ule aliouawa Rais Melchior Ndadaye, waliuawa pia Spika Pontien Karibwami na makamu wake Gilles Bimazubute. Nawataja kwa majina kwa sababu wapo wanafunzi wangu wanaopita barabarani kila siku bila kujua kwamba katika nchi hii kiti cha Spika kimekuwa kiti cha kufia, mara mbili.

Waliokaa Arusha na kutia saini mkataba wa amani wa tarehe 28 Agosti 2000 walikuwa na makaburi hayo vichwani mwao. Ndiyo maana Katiba ya 2005 ilitaka sheria ya kawaida ipite kwa thuluthi mbili za kura, na mabadiliko ya Katiba yenyewe yapite kwa kura za wabunge wanne katika kila watano. Wapo waliosema masharti haya ni kamba miguuni mwa serikali. Mimi nayaona kuwa ndiyo yaliyompa mbunge wa mwisho ukumbini bei ya haki. Mwenye wingi mdogo hakuweza kumpuuza. Ilibidi amwendee, amsikilize, amjibu.

Tulianza kuiona nguvu hiyo mwaka 2007. Chama tawala, CNDD-FDD, kilikuwa na viti 64 kati ya 118. Februari mwaka huo Hussein Radjabu aliondolewa katika uongozi wa chama, na wabunge 22 wakaegemea upande wake. Ukiondoa 22 katika 64 unabaki na 42. Vyama vingine navyo vilikuwa na malalamiko yao, na Bunge likakwama kwa miezi mingi. Sisemi kwamba kila mmoja wa wale 22 alisukumwa na mapenzi ya nchi. Kambi ni kambi, na siasa ya kambi ina njaa zake. Ninachosema ni kwamba kwa mara ya kwanza serikali ililazimika kuhesabu vichwa vya wabunge wake mmoja mmoja.

Jibu likaja Juni 2008. Kwa ombi la Spika, Mahakama ya Katiba iliamua kwamba wale 22 hawakuwa tena na haki ya kukaa katika viti vyao. Watu wengine wa chama wakaingizwa, na Bunge likafanya kazi. Lakini Katiba ile ile ilisema kwamba kura ya mbunge ni yake binafsi, na kwamba hakuna anayeweza kumfunga kwa maagizo. Sasa kura itakuwaje yako ikiwa kiti si chako? Swali hili si la Warundi peke yao. Oktoba 1968 chama cha TANU cha Tanzania kiliwafukuza wabunge kadhaa, akiwemo Joseph Kasella-Bantu, na pamoja na kadi wakapoteza viti. Kiongozi wa TANU wakati huo alikuwa Mwalimu Nyerere, ambaye miaka 30 baadaye alikuwa msuluhishi wetu Arusha. Namheshimu sana Mwalimu, na kwa sababu namheshimu nasema lile la 1968 lilikuwa kosa. Tofauti ni kwamba Tanzania ya chama kimoja ilisema wazi katika sheria zake kwamba mbunge ni lazima awe mwanachama. Sisi tuliandika uhuru wa mbunge katika Katiba, kisha tukautafutia mlango wa nyuma.

Hata hivyo hesabu ilibaki, na tarehe 21 Machi 2014 ikatupa siku ambayo ningependa kila mtoto wa shule aijue. Serikali ilileta muswada wa kubadilisha Katiba, na wapinzani waliona ndani yake njia ya Rais Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu. Wabunge walikuwa 106. Zilihitajika kura 85. Zilipatikana 84.

Kura moja! Muswada ukaanguka kwa kukosa mkono wa mtu mmoja. Aliyekuwa Spika siku ile, Pie Ntavyohanyuma, ndiye aliyeongoza Bunge pia wakati wa shauri la 2008. Juni 2015, mgogoro wa muhula wa tatu, aliougombea Rais hata hivyo, ulipopamba moto, naye alikimbilia Ubelgiji.

Huyo mbunge wa kura moja hatumjui, kwa kuwa kila aliyekataa siku ile anaweza kusema ni yeye. Lakini yupo mwingine tunayemjua. Fabien Banciryanino aliingia Bungeni 2015 kutoka Bubanza, katika muungano wa Amizero y'Abarundi. Februari 2020 uliletwa muswada wa kumpa Rais Nkurunziza, aliyekuwa akielekea kuondoka madarakani, jina la Kiongozi Mkuu wa Uzalendo. Banciryanino aliupinga, akataja haki za binadamu zilizovunjwa katika utawala ule. Muswada ulipita. Neno lake halikubadilisha matokeo hata kidogo. Tarehe 2 Oktoba 2020, akiwa si mbunge tena, alikamatwa. Mashtaka yalikuwa uasi, kusingizia na kuhatarisha usalama wa nchi. Mei 2021 akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na faini ya faranga 100,000. Alitoka mwishoni mwa Septemba. Mashirika ya haki za binadamu yalisema kesi ile ilikuwa ya kisiasa, na mimi sioni namna nyingine ya kuielewa.

Leo hesabu nayo imeondoka. Katiba ya 2018 ilifuta sharti la thuluthi mbili kwa sheria za kawaida, na sasa wingi tu unatosha. Juni 2025 viti vyote 100 vilivyopigiwa kura vilikwenda kwa chama kimoja. Mikoa 18 imekuwa 5, na orodha za vyama zimefuata mikoa hiyo mipya. Mama wa Bubanza sasa anapiga kura mkoa mmoja na mimi ninayekaa mjini, kwa orodha moja ndefu, na akitaka kumuuliza mbunge wake kuhusu barabara sijui atamgongea nani mlango.

Kwa hiyo, waheshimiwa wa chama tawala, kama yupo mmoja wenu ndani ya ukumbi huu, nakuomba kwa unyenyekevu: kazi ambayo zamani ilifanywa na upinzani sasa iko mikononi mwako. Waziri akikujibu kwamba mafuta yapo, na wewe umeiona foleni kwa macho yako, simama umuulize tena.

Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu, mliojaa kule nyuma, kazi yenu ya likizo ni hii. Nendeni kila mmoja kilimani kwao. Tafuteni mzee mmoja, mumuulize ni umushingamateka gani anayemkumbuka, na alisema nini. Andikeni jibu kwa Kirundi, kama lilivyotoka kinywani mwake, hata kama ni sentensi moja, hata kama ni kimya. Tutayasoma yote kwa sauti siku ya kwanza ya masomo.