Kreatinini Imepanda: Mwili Unakataa Figo, au Ni Virusi?



Naomba nianze na karatasi ya maabara ambayo kila mmoja wetu anaweza kuishika kesho asubuhi. Mgonjwa alipandikizwa figo miezi mitano iliyopita. Mwezi jana kreatinini yake ilikuwa 115. Leo ni 178. Hana homa, hana maumivu, mkojo anapata kama kawaida. Amekaa mbele yako na mfuko wake wa dawa, pembeni yake yuko dada yake aliyemchangia hiyo figo, na wote wawili wanakutazama usoni.

Je, tumwongezee dawa za kushusha kinga au tumpunguzie?

Kama mwili unaikataa figo, tunaongeza. Kama ni virusi vya BK vinavyoila figo, tunapunguza. Ukimwongezea mgonjwa wa virusi dawa ukidhani mwili wake unakataa figo, umevifungulia virusi mlango, na figo iliyotoka kwa dada inaharibika mikononi mwako. Ndiyo maana nasema: tusiongeze dawa kwa kukisia.

Zamani jambo hili lilikuwa la madaktari wa India, ambako wagonjwa wetu walikwenda kupandikizwa. Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikaanza mwaka 2018. Upasuaji unakwisha kwa saa chache. Kumtunza mgonjwa baada ya hapo ni kazi ya miaka, na mara nyingi mtu wa kwanza kumwona akiugua ni mhudumu wa zahanati ya kwao au muuzaji wa duka la dawa.

Tukumbuke virusi hivi vinatoka wapi. Wagonjwa wengi huuliza, "Daktari, nimeambukizwa na nani?" Mara nyingi hajaambukizwa na mtu jana wala juzi. Virusi vya BK huingia mwilini utotoni bila mtu kujua, vikatulia kwenye figo na njia ya mkojo. Virusi vya sitomegalo karibu watu wazima wote wa ukanda wetu wanavyo. Vyote hivi hudhibitiwa na seli T, askari walewale ambao wangeishambulia figo ya kupandikizwa. Takrolimasi, dawa ya kushusha kinga, inawafunga mikono askari hao ili figo ipone. Wakishafungwa, hakuna anayevizuia virusi visiamke.

Virusi vya BK vilitambuliwa London mwaka 1971, katika mkojo wa mgonjwa aliyepandikizwa figo, mtu wa Sudan, na herufi hizo mbili ni za mwanzo wa majina yake. Kila ninapoandika BK kwenye fomu ya maabara namkumbuka. Tunachokijua leo kuhusu ugonjwa huu kilianzia kwa Mwafrika mwenzetu aliyekuwa anatafuta uzima.

Mpaka sasa hakuna dawa iliyothibitika kuviua virusi vya BK. Tiba ni kupunguza dozi za kushusha kinga, na inafaa zaidi ikiwahi. Kwa hiyo hatuwezi kungoja kreatinini ipande, kwa sababu ikipanda figo imeshaumia. Damu ipimwe wingi wa virusi kila mwezi katika miezi ya mwanzo, wakati dozi bado ni kubwa. Najua gharama yake, na najua sampuli nyingine husafirishwa mbali. Lakini ukiweka bei ya kipimo kimoja pembeni ya bei ya kurudi kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, hesabu inajieleza.

Virusi vya sitomegalo vina dawa, nayo ni valigansikloviri. Wengi hupewa kama kinga kwa miezi mitatu, wengine hadi sita. Kosa letu ni kulegea siku dozi ya kinga inapokwisha, kwa sababu miezi inayofuata ndiyo virusi hupenda kuibuka. Mgonjwa anapata homa, mwili unachoka, anaharisha, seli nyeupe zinashuka. Kwetu homa ni malaria. Anapewa dawa mseto, haponi, anaongezewa antibaiotiki. Mgonjwa wa figo mwenye homa apimwe malaria, ndiyo, lakini kipimo kikionyesha hana, asirudishwe nyumbani na panadoli. Aletwe kliniki siku hiyohiyo.

Wafamasia, hapa nawaomba kwa dhati. Flukonazoli ya fangasi, au erithromaisini ya kikohozi, hupandisha takrolimasi kwenye damu bila mgonjwa kuongeza hata kidonge kimoja. Kuharisha nako hufanya vivyo hivyo. Kinga inashuka kupita tulivyokusudia, na virusi vinapata nafasi.

Virusi vya Epstein-Barr viligunduliwa mwaka 1964 katika uvimbe wa watoto wa Uganda, ugonjwa ambao daktari Denis Burkitt aliueleza akiwa Kampala. Kwa mgonjwa wa kupandikizwa vinaweza kuleta saratani ya tezi za limfu. Basi tupapase shingo, kwapa na kinena kila anapokuja. Tumfunulie miguu na kumwangalia kinywani pia, kwa sababu madoa meusi ya saratani ya Kaposi huanza kimyakimya, na ukanda wetu una virusi vyake kwa wingi. Hapo nako hatua ya kwanza ni kupunguza dozi, na mara nyingi kubadilisha takrolimasi kwa sirolimasi.

Chanjo ya homa ya ini B itolewe kabla ya kupandikizwa. Baada ya hapo chanjo zenye virusi hai, kama ya homa ya manjano, asipewe, hata kama ana safari.

Nirudi kwenye karatasi yetu. Swali la kwanza kwa mgonjwa: "Leo umemeza dawa saa ngapi?" Wengi humeza saa mbili asubuhi wakiwa kwenye foleni, kwa utiifu kabisa, kisha tunawatoa damu saa tatu na kushangaa takrolimasi iko juu. Damu itolewe kabla ya kidonge cha asubuhi, saa kumi na mbili baada ya kile cha usiku. Kwenye sampuli hiyohiyo tuombe wingi wa virusi vya BK. Majibu yakiwa na utata, tuchukue kinyama cha figo kwa sindano. Virusi vya BK vikizidi nakala 10,000 kwa mililita, tunapunguza dozi, mara nyingi tukianza na mikofenoleti, dawa nyingine ya kushusha kinga, na baada ya wiki mbili tunamwita tena, yeye na dada yake, tupime upya.