Nani Anaabudiwa Ngara na Biharamulo?



Nimeombwa nizungumzie ukanamungu kwa mtazamo wa Kiislamu. Mada hii huwa inaonekana ni ya miji mikubwa. Jirani zetu Kenya walisajili chama cha wakanamungu mwaka 2016, na mjadala ukawaka. Huku kwetu nani atasimama sokoni aseme hakuna Mungu? Wahangaza na Washubi walimtaja Imana, jina lao la Mungu, kabla hawajaona msikiti wala kanisa. Leo Ngara ina Jimbo Katoliki la Rulenge-Ngara, Murgwanza kuna Waanglikana, na adhana inasikika mjini na vijijini. Tukihesabu kwa midomo, sisi sote ni waumini.

Lakini Qur'ani haihesabu kwa midomo. Chukueni Surat Al-Jathiya. Aya ya 24 inawataja watu wasemao kwamba hakuna uhai ila huu wa duniani, na kwamba kinachowaua ni kupita kwa zama tu. Hao ndio wanazuoni wetu waliwaita Dahriya, na ndio walio karibu zaidi na mkanamungu wa leo. Sasa rudini nyuma aya moja tu. Aya ya 23 inamtaja mtu aliyeyafanya matamanio yake kuwa mungu wake. Mpangilio huo nauona una maana kubwa: kabla ya kumfikia anayemkana Mungu kwa hoja, Kitabu kinamsimamisha kwanza yule aliyekwisha kumpata mungu mwingine moyoni. Kisha Surat Al-Ankabut inatukumbusha kwamba Makureshi wa Makka, ukiwauliza nani kaumba mbingu na ardhi, walijibu bila kusita: Allah. Hawakuwa wakanamungu. Walimjua Muumba, wakaapa kwa jina lake, na bado Mtume, rehema na amani zimshukie, alipigana na ibada yao kwa miaka ishirini na zaidi.

Kwa hiyo swali la Uislamu kwa mtu yeyote ni hili: siku utii unapokugharimu, unamtii nani?

Swali hilo lilifika wilayani Ngara kwa miguu. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, ambako mauaji ya kimbari yalikuwa yakiendelea, ndani ya saa 24, na Benaco ikageuka moja ya kambi kubwa za wakimbizi duniani. Wazee mliomo humu mnakumbuka pia yale yaliyopita chini ya daraja, maiti zilizobebwa na mto Kagera hadi Ziwa Viktoria. Wiki mbili kabla ya hapo, upande wa pili wa mpaka, maelfu ya watu waliokimbilia parokia ya Nyarubuye waliuawa humohumo ndani ya kanisa. Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa kiongozi wa utawala wa Rusumo, alivuka pamoja na wakimbizi. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari mwaka 2004, na rufaa ya mwaka 2006 ikampa kifungo cha maisha.

Nawaomba Waislamu wenzangu tusilitumie jambo hili kuwasuta Wakristo. Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura lililochochea chuki, alikuwa Mwislamu, naye alihukumiwa Arusha mwaka 2003. Na tukirudi nyuma zaidi, njia ya misafara ya karne ya 19 ilipita Usui, katika nchi hii ya Biharamulo na Ngara, kwenda Kafuro kule Karagwe. Wafanyabiashara wa pwani walioipita walikuwa watu wa swala tano, na katika mizigo yao kulikuwa na pembe za ndovu na watumwa. Waliswali, wakafunga, na sokoni wakaitii faida.

Kabila, faida, chama: hivi havijengewi hekalu. Mtu huvitolea kafara akiwa ameketi kanisani au msikitini kwake. Mkanamungu wa kweli angalau ameondoka.

Chukueni mfano wa Biharamulo, yenye dhahabu. Mgodi wa Tulawaka ulianza uzalishaji mwaka 2005, ukachukuliwa na shirika la umma STAMICO mwaka 2013, na pembeni mwa migodi mikubwa wapo wachimbaji wadogo wenye mashimo yao, wanayoyaita maduara. Duara likikataa kutoa kwa wiki kadhaa, mwenye duara hukosa usingizi: ana madeni, ana vijana wa kuwalisha. Hapo huitwa mganga, ambaye wenyewe humwita mtaalamu. Atakuja na barakashia na ubani, ataanza kwa Bismillahi, kisha atachinja kuku mweusi mdomoni mwa shimo, na damu itapakwa kwenye timba la kwanza, gogo linaloshikilia kuta za shimo. Juu ya timba hufungwa hirizi, na karatasi iliyomo ina herufi za Kiarabu. Wachimbaji watashuka wakiwa wametulia. Ukiwauliza kama wamemshirikisha Mungu, watashangaa, maana wamesikia Bismillahi kwa masikio yao.

Laiti ingeishia kwa kuku. Kuanzia mwaka 2007 hivi, Kanda ya Ziwa ilishuhudia ndugu zetu wenye ualbino wakiwindwa kwa sababu mtu fulani aliambiwa viungo vyao vinaleta mali. Mwaka 2008, katika wilaya hii ya Ngara, mwanamke mmoja mwenye ualbino alishambuliwa kwa mapanga na kupoteza mikono yote miwili, akanusurika. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifuta leseni za waganga wa jadi. Walioshika panga hawakusoma kitabu chochote cha wakanamungu. Mtume alikwisha kumwombea hasara mtumwa wa dinari na dirhamu, na alimwita mtumwa, kwa Kiarabu neno lilelile tunalolitumia tunapojiita waja wa Mungu.

Sasa nirudi kwa kijana wa sekondari mwenye simu mkononi, ambaye ameona haya yote na anauliza kwa siri: kama Mungu yupo, kwa nini Nyarubuye? Huyu simwiti kafiri, na naumia nikisikia akinyamazishwa darasani au madrasa. Imamu Al-Ghazali ameandika mwenyewe kwamba shaka ilimshika kiasi cha kutoyaamini macho yake, hali iliyodumu karibu miezi miwili. Hakupona kwa kukemewa. Surat Al-Baqara inakataza kulazimishana katika dini, na Ibara ya 19 ya Katiba yetu inalinda uhuru wa mtu katika imani.

Jibu langu kwake si fupi, ila mwanzo wake ni huu. Mwanadamu amepewa amana ya hiari, na waliochukua mapanga waliichagua kazi ile. Mahakama ya Arusha, kwa miaka yake yote, iliwashtaki watu 93. Waliouawa ni mamia ya maelfu. Asiyeamini kiyama lazima akubali kwamba wengi wa waliouawa kanisani pale hawatapata haki milele. Mimi siwezi kulikubali hilo, na moyo wa kijana huyu, unaoghadhibika mpaka kumshtaki Mungu, naona nao haulikubali. Ghadhabu ile inadai hakimu. Sidai kwamba huu ni uthibitisho unaofunga mjadala. Nadai kwamba ni mahali pazuri pa kuketi naye.

Na si dhahabu tu inayotujaribu: kampuni ya Tembo Nickel iliundwa mwaka 2021 kwa ajili ya nikeli ya Kabanga, hapa Ngara, serikali ikiwa na hisa asilimia 16. Fedha zinakuja, na fidia, na madalali, na wataalamu wa barakashia watazifuata. Maimamu wangu, kabla hazijafika, hotuba ya Ijumaa imtaje yule mtaalamu waziwazi, hata kama ni jirani, hata kama alichangia mabati ya msikiti. Na baada ya swala, tengeni saa moja kwa vijana wenye maswali, pasiwe na mtu wa kuandika majina yao.