Azimio na Daftari



Miaka kumi imetimia tangu vyama vyetu vya msingi viungane. Sababu za kujisifu tunazo, lakini sisi wa Halmashauri tumeona heri tuseme juu ya jambo lililotushinda.

Msimu mmoja mkutano mkuu ulipitisha kwa makofi azimio la kutoa kahawa bora zaidi. Nani angelipinga? Msimu ulipokwisha, daraja la kahawa yetu lilikuwa lile lile, na wengi tulikuwa tumekwisha kukopa mbolea kwa kutumainia bei ya daraja la juu. Deni lile tulililipa kwa taabu kubwa. Tulipochunguza, tuliona azimio halikusema ni kazi ya nani wala litapimwa kwa kitu gani. Kila mmoja alidhani jirani yake ndiye anayelishughulikia.

Hapo tuliwakumbuka wafumaji wa Rochdale, Uingereza, waasisi wa ushirika ambao kanuni zao twazifuata hata leo. Katika masharti yao ya mwaka 1844 waliandika mambo makubwa: kujenga nyumba, kupata ardhi, kuanzisha viwanda. Lakini walianza na pauni moja kwa kila mwanachama, iliyochangwa peni chache kila juma; na kila mtu alijua kama juma hilo ametoa au hakutoa. Kwa pauni 28 walifungua duka tarehe 21 Desemba 1844, lenye unga, siagi, sukari na mishumaa michache. Bila shaka wako waliocheka.

Basi nasi tumepunguza maneno. Kwa msimu ujao tumekubaliana mambo mawili tu: kuchuma matunda mekundu peke yake, na kuyamenya siku ile ile, maana tunda lililolala huchacha, na ladha ile haiondolewi kwa maji wala kwa jua. Miche mipya tutaipangia mbali, kwani mche hukaa miaka kama 3 kabla ya kuzaa, na si haki kuudai matunda ya msimu mmoja.

Kahawa haiivi yote pamoja. Yapasa kupita shambani mara kwa mara. Hapo ndipo palipo na kazi, na hapo hatuwezi kumpangia mjane mwenye watoto wadogo sawasawa na mwenye vijana wanne nyumbani. Kwa hiyo kila nyumba itajiandikia yenyewe itapita mara ngapi, kwa kadiri ya mikono iliyo nayo. Atakayeshindwa aseme mapema, ili majirani wamsaidie kabla matunda hayajaanguka.

Daftari liko kwa karani, kando ya mizani. Ukurasa wa kwanza una majina yetu sisi wa Halmashauri, na mwanachama yeyote aweza kulifunua siku yoyote ya kupima kahawa akatazama kama tumefanya tuliyoyaandika.