Mapumziko ya Nani?



Kusini mwa Ufaransa upo mfereji uitwao Canal du Midi, utokao katika mji wa Toulouse na kwenda kilomita 240 hadi wangwa wa Thau, kando ya bahari ya Mediteranea. Zamani ulipitisha nafaka, mvinyo na abiria. Biashara hiyo ya mizigo imekwisha, na wanaoutumia zaidi sasa ni watu walio likizoni. Familia hukodi mashua yenye vitanda na jiko, huelekezwa kwa muda mfupi namna ya kuiendesha, kisha hushika njia. Mwendo hauruhusiwi kuzidi kilomita 8 kwa saa. Mtu wa baiskeli apitaye ukingoni huwaacha nyuma bila taabu.

Kinachowachelewesha zaidi ni malango ya maji. Nchi ile ina vilima, nayo maji hayapandi kilima. Ndiyo maana vilijengwa vyumba vya mawe vyenye milango mbele na nyuma. Mashua huingia, mlango wa nyuma hufungwa, maji huongezwa polepole mpaka mashua iinuke na kulingana na maji yaliyo mbele, ndipo mlango wa mbele hufunguliwa. Mahali paitwapo Fonseranes, karibu na Béziers, vyumba hivyo vimefuatana kama ngazi. Kila familia hungoja zamu yake. Na penye malango mengi, mlinzi aendapo kula chakula cha mchana, wasafiri wote hufunga kamba na kumngoja. Jambo hilo lanipendeza mno: starehe ya mgeni husimama ili mtumishi apate kula.

Mfereji huo ulibuniwa na kujengwa na Pierre-Paul Riquet, mkusanyaji wa kodi ya chumvi wakati wa Mfalme Louis wa 14. Mfalme aliidhinisha kazi hiyo mwaka 1666. Ilipopamba moto, walikuwapo wafanyakazi wapatao 12,000, wanaume kwa wanawake, wakichimba kwa sururu na kubeba udongo kwa vikapu. Kodi ya chumvi ilichukiwa na maskini, wala simtangazi Riquet kuwa mtakatifu. Lakini vibarua wake aliwalipa kwa mwezi, na mshahara huo haukukatwa kwa sababu ya Dominika, sikukuu, mvua wala ugonjwa. Hayo yalikuwa katika karne ya 17! Mtu aweza kusema alifanya hivyo ili wasimkimbie wakati wa mavuno. Na iwe hivyo. Aliyelala na homa alipata ujira wake. Riquet mwenyewe alifariki mwaka 1680, akiwa na madeni makubwa, miezi michache tu kabla mfereji wake haujafunguliwa mwaka 1681.

Basi wale wanaopumzika leo juu ya maji yale matulivu wanaelea juu ya jasho la watu ambao nao walipewa siku ya kupumzika. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 5, kinapotoa amri ya Sabato, hakimtaji baba wa nyumba peke yake. Kinamtaja mtumwa na mjakazi, ng'ombe na punda, na mgeni aliye malangoni. Tena kinawakumbusha Waisraeli kwamba wao wenyewe walikuwa watumwa Misri.

Sisi je? Wengi wetu hatutakodi mashua maishani. Lakini tunaijua Dominika yetu: Misa ya kwanza, chai, wageni, pilau, usingizi wa mchana. Pilau hiyo imepikwa na nani? Katika nyumba nyingi yupo binti wa kazi aliyeamka saa kumi na moja alfajiri, naye atalala wa mwisho. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inampa mfanyakazi saa 24 za mapumziko kila juma na likizo ya siku 28 kila mwaka. Binti huyo naye ni mfanyakazi. Wapo akina mama wanaolitimiza hilo kwa moyo, nawapongeza. Wapo pia wanaosema, “Huyu ni kama mwanangu,” kisha akiugua siku tatu wanamkata mshahara.

Mpeni siku yake, ijulikane kwa jina, asiiombe kila juma kama sadaka. Yamkini yeye naye anatusikiliza sasa hivi, redio ikiwa sebuleni, yeye akiwa jikoni, mikono ndani ya maji ya vyombo.