Kipimo cha Njaa na Kipimo cha Mavuno

Alhamdulillah. Twamshukuru Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeugawa mwaka kwa masika na kiangazi ili mja apande, angoje, kisha avune. Rehema na amani zimfikie Bwana Mtume Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, nanyi mnaotusikiliza majumbani. Kila ifikapo Oktoba, nyumba nyingi za Nachingwea na Ruangwa hufungwa milango. Wenyewe wamehamia kambini, yaani katika vibanda vya nyasi chini ya mikorosho, na huko watakaa hata msimu uishe. Jambo hili lina asili yake. Vilipoundwa vijiji vya pamoja katika miaka ya 1970, watu walihama na mikorosho ikabaki ilipo. Mavuno ya nchi, yaliyofikia tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74, yaliporomoka hata chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Umbali ulikuwa sababu mojawapo, pamoja na bei duni na maradhi ya ubwiri unga. Baadaye mikorosho ilihudumiwa ikazaa tena, lakini umbali haukupungua. Ndiyo maana mkulima wa Naipanga au wa Mnacho hupiga kambi hadi leo.

Kambini hakuna siri. Kila mtu ajua nani amebakiwa na unga na nani amelala na njaa. Chumvi huazimwa, moto huombwa kwa jirani, na mgonjwa huokotewa korosho zake zisioze chini. Huo ni ujirani ambao mjini twausoma vitabuni tu. (Yako pia mabibo yanayogeuzwa uraka, na hayo tutayasema siku nyingine, maana yahitaji khutba yake.)

Tunalotaka kulisema leo ni lile deni linalofika kambini kabla ya mavuno. Kati ya Januari na Machi mvua hunyesha, mahindi ya mwaka uliopita yamekwisha na mapya hayajakomaa. Hapo huja mwenye nacho na debe la mahindi, akamwambia mwenzake: chukua, utanilipa korosho msimu ukifika. Oktoba yeye ndiye wa kwanza kuonekana kambini, na mara nyingine huzoa korosho zikiwa bado juani. Biashara hii ndiyo iitwayo kangomba, ambayo kipimo chake mara nyingi ni bakuli au kopo, wala si mizani.

Serikali imejitahidi kuizuia. Tangu msimu wa 2007/08 korosho huuzwa kwa stakabadhi ghalani; kwetu hupitia vyama vya msingi na chama kikuu cha RUNALI, ambacho jina lake limekusanya Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Novemba 2018 Serikali yenyewe ilitangaza kuzinunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wanajeshi wakazisomba, na waliopeleka nyingi wakatakiwa kuonyesha mashamba yao. Hata hivyo kangomba haikufa, kwa sababu haizaliwi ghalani. Huzaliwa jikoni, mwezi wa Februari, sufuria ikiwa tupu.

Mkopeshaji husema: mimi nilimwokoa na njaa. Hatukatai kwamba mkono wake ulifika wakati wa shida. Lakini tumuulize, alitoa nini na alichukua nini? Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, chakula hakibadilishwi kwa chakula kingine kwa kungojeana. Mahindi ya leo kwa korosho za Oktoba ni riba, ingawa hakuna aliyetaja neno hilo. Aliyekopesha mahindi ana haki ya kurudishiwa mahindi, kiasi kile kile. Na akitaka kununua korosho kwa fedha kabla ya msimu, mlango upo. Bwana Mtume alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende mwaka au miaka miwili mbele; hakuwakataza, bali aliwaamuru wajue kipimo, uzito na muda. Fedha yote hulipwa papo hapo, wala mapatano hayafungwi kwenye miti fulani, kwani maua ya mikorosho ile yaweza kupukutika kwa ubwiri unga. Hapo mtu atakuwa amekula mali ya nduguye kwa kitu gani?

Tena tazameni mikono. Debe la mahindi hupigwa kiganja likawa sawasawa na ukingo. Debe la korosho hujazwa mpaka likaota kilima. Surat al-Mutaffifin ilishuka kuwaonya watu wa namna hii hasa.

Wala mkulima asidhani kuwa maneno haya hayamhusu. Wako wanaotia mawe ndani ya gunia, au kulifunga kabla korosho hazijakauka. Bwana Mtume alipotia mkono katika lundo la nafaka sokoni akakuta umaji chini, alimkana mwenye udanganyifu ule. Na gunia lile huchanganywa ghalani na magunia ya wengine, daraja likashuka kwa wote. Aliyepunjwa Februari amempunja nani sasa? Amempunja mjane wa banda la pili.

Nanyi wanafunzi, mnaokwenda kambini siku za mapumziko, jueni kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani ni ile ya Surat al-Baqara iamrishayo deni liandikwe na lishuhudiwe. Babu zenu huweka kidole gumba kwenye karatasi wasiyoweza kuisoma. Wasomeeni. Someni na mizani pia, kwa sauti, na aliyepima asikie.

Misikiti yetu nayo haina udhuru. Mahindi yanapovunwa kati ya Mei na Julai debe huwa rahisi. Kila nyumba iwezayo na itoe moja, yawekwe chumba kikavu, ufunguo wa watu wawili, daftari lisomwe mbele ya jamaa baada ya sala ya Ijumaa. Mwenye shida akope mahindi Februari, arudishe mahindi Julai. Korosho zake azipeleke mnadani mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.